Songea Hadi Bukoba, Kupitia kwa Koku

Jirani yangu Kokuberwa, sisi tunamwita Koku, kazaliwa Bukoba na kaolewa na Stephano, mtu wa Songea. Simu yangu inasema kutoka kiwanja cha Songea hadi cha Bukoba, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita elfu moja na mia hivi, saa mbili na ushee angani. Safi kabisa, ila ndege ya kupita huo mstari haipo. Viwanja vidogo havitembeleani. Anayetoka huku kwenda kule lazima ashukie Dar, na kwa koo zote mbili, Dar maana yake ni nyumba ya Koku hapa Vingunguti, ndege zinapopita juu ya mabati. Mgeni akiwa ndani anasubiri ndege yake, mwenye nyumba hatoki, na wageni hawakauki. Ndiyo maana Koku alikuwa na miaka hajamwona baba yake.

Mwezi wa tano mzee akazidiwa, akawa anamwulizia yeye tu. Safari hii Koku alikata tiketi kimyakimya, akaificha kwenye pochi. Mimi peke yangu ndiye niliyeonyeshwa.

Kabla hajaondoka, wakaingia wageni kutoka Songea: mama mkwe wake na wifi yake Clara, wanakwenda hukohuko Bukoba kumjulia hali mkwe wao. Nikafurahi, nikijua wataongozana. Kumbe ndege ilikuwa imemchafua moyo mama mkwe. Miguu imevimba, kaapa hapandi tena. Stephano akasema atabaki na mama yake. Kubaki sawa, lakini nani amwogeshe? Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Clara angeweza, ni binti wa kumzaa, ila Clara ndiye aliyebeba vitenge na salamu za ukoo, na waliotumwa ukweni hawaishii njiani.

Nilimvuta Koku uani, nimefura.

“Mwambie Clara una tiketi. Abaki yeye na mama yake, hizo salamu uzipeleke wewe.”

“Nitamwambiaje wifi yangu, Loveness? Wataona nimemkimbia mama. Mie nitaenda wiki ijayo.”

Wiki ijayo! Nilitamani kumzaba kibao. Clara akaondoka bila kujua lolote. Koku aliisikia ndege ikipaa, akaendelea kuchemsha maji ya mama mkwe.

Siku chache baadaye Clara akapiga simu. Nilikuwepo, na simu ile sauti yake husikika mpaka kwa majirani.

“Wifi, baba ametutoka. Tangu nimefika alikuwa kanishika mkono, ananiita Koku. Nikawa naitika. Ameondoka akijua umefika.”

Koku akamshukuru. Akaniachia simu mkononi, akarudi bafuni, maana mama mkwe alikuwa bado ana sabuni mgongoni.