Baba wa Enock Thornley

Bibi Margaret Thornley hakutaka kuguswa kabla hajanywa kahawa, na kahawa yenyewe hakuitaka kutoka kwa mtu ambaye hakunawa mikono mbele ya macho yake. Kwa hiyo kila asubuhi Peris Wanjohi alisimama kwenye sinki la jikoni, katika nyumba ile ya Roseville, Minnesota, akanawa mpaka viwikoni huku yule mama mzee akimkodolea macho kutoka kwenye kiti cha magurudumu kama askari jela.

"Na katikati ya vidole, msichana."

Peris alikuwa na miaka thelathini na mbili. Kwao Othaya, wenzake aliosoma nao walikuwa wanaitwa mama fulani siku nyingi. Lakini alinawa katikati ya vidole, akasema, "Ndiyo, madam." Halafu kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya heshima, akaongeza, "Na wewe Mungu akunawishe roho."

"Umesema nini?"

"Nimesema kahawa iko karibu, madam."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya Peris ilikuwa karatasi moja ya manjano aliyoiweka kwenye mkoba wake, ndani ya Biblia isije ikakunjika. Shule ya uuguzi ilikuwa imekubali kumpokea Septemba iliyokuwa inakuja, ya 1996, yeye aliyeachia masomo kidato cha pili, kwa sharti moja. Amhudumie mgonjwa mmoja nyumbani kwake saa mia sita, halafu mgonjwa atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe kwamba kazi imefanyika vizuri. Sahihi ya mtoto wa mgonjwa haikubaliki, labda mgonjwa awe amerukwa na akili. Na akili ya Bibi Margaret ilikata kama wembe. Kilichomwisha ni miguu na macho, na mikono iliyotetemeka mpaka kijiko kikalia kwenye kikombe. Kuandika hakuweza tena. Aliweza kuchora jina lake tu, basi.

Ndiyo maana mti wa ukoo wake uliandikwa na Peris.

Ulikuwa karatasi moja nene, ndefu kama shuka, imelala kwenye meza ya kulia chakula, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka hata sahani pale. Juu kabisa Uingereza, katikati Kanada, chini Minnesota. Mwezi wa Julai ndugu zake wangekuja kutoka Ontario na Winnipeg, watu sitini, na mti huo ungetiwa fremu na kutundikwa mbele yao. Peris aliujaza polepole kwa wino mweusi. Mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa akiwachapa kwa kila herufi isiyokaa vizuri kwenye mstari, na mpaka leo mwandiko wake ulikuwa kama umechapishwa.

"Una mwandiko mzuri," Bibi Margaret alisema siku moja. Akaonekana kujuta, akamalizia, "Kwa mtu aliyetoka kule."

Hadithi ya ukoo Peris aliisikia kila siku, kama redio ambayo hakuna anayejua kuizima. Babu yake Bibi Margaret, Enock Thornley, alitoka Uingereza akiwa mdogo, pamoja na baba yake, bwana mwenye mashamba. Wakavuka bahari kwa hiari yao na sanduku la vyombo vya fedha. Alipoisimulia Desemba sanduku lilikuwa moja. Kufikia Januari yalikuwa matatu. Enock akalima Ontario, akazaa Walter. Walter akashuka hadi Saint Paul kufanya kazi ya reli, akamzaa Margaret, ambaye hata alipoolewa hakuliacha jina la Thornley.

"Unaona tofauti?" alimwuliza Peris. "Nyinyi mmekuja kulishwa. Sisi tulikuja kujenga."

Peris alikuwa amepiga magoti wakati huo, anamvalisha soksi.

Jambo lenyewe lilizuka Februari, theluji imefika kimo cha dirisha. Peris alikuwa anaandika watoto wa Enock. Kifungua mimba, wa kiume: Walter. Mke wa Enock alikuwa binti wa mkulima aliyeitwa Walter Pruitt. Kalamu ikasimama.

"Madam, kwa nini huyu wa kwanza ameitwa jina la baba wa mke?"

"Ulitaka aitwe nani?"

"Baba wa mume. Huyo mwenye masanduku. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni babu yake mzaa baba anarudi. Wa pili ndio anachukua jina la babu mzaa mama. Ukiona wa kwanza kaitwa la upande wa mama, basi..." Akanyamaza, lakini alikuwa ameshachelewa.

"Basi nini?"

"Basi upande wa baba hakuna mtu."

Lilikuwa kosa. Waingereza huwapa watoto wao majina wapendavyo, na Peris aliwapima kwa kibaba cha kwao. Lakini kibaba hicho alikijua vizuri kuliko alivyotaka. Mwanawe, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa Othaya kwa nyanya yake, na aliitwa Wanjohi, jina la baba yake Peris. Kule kila mtu akilisikia alielewa, hata kabla ya kuuliza. Huku, kanisani Minneapolis, Peris aliwaambia akina mama wenzake kwamba mumewe alifariki. Walimwombea sana huyo marehemu.

Bibi Margaret alikitua kikombe kwa nguvu, kahawa ikamwagikia mapajani.

"Unamwita babu yangu mwanaharamu, ndani ya nyumba yangu?"

"Sikusema hivyo, madam."

"Umesema! Mtu asiyejua hata babu yake alizaliwa mwaka gani!"

"Mwaka siujui. Majina ya baba zake ninayajua tisa."

Wakatazamana. Kahawa ilidondoka sakafuni, hakuna aliyeishughulikia.

"Nitatuma barua Uingereza kuulizia," Bibi Margaret akasema taratibu. "Karatasi ikija na jina la baba yake Enock, utatoka hapa na ile karatasi yako bila sahihi. Umefikisha saa ngapi?"

"Mia tatu na kumi."

"Zote utazipeleka chooni."

"Na ikija bila jina?"

Hapo Peris mwenyewe alishangaa ulimi wake. Mama mzee alitabasamu, na alipotabasamu alikuwa mbaya zaidi.

"Ikija bila jina nitatia sahihi na kukupa mkono."

Toka siku hiyo nyumba ikawa ya vita. Supu ilikuwa baridi hata ikitoa moshi. Maji ya kuoga yalikuwa moto hata Bibi Margaret akiwa ameyapima mwenyewe kwa kidole. Peris naye hakuwa malaika. Alichana zile nywele nyeupe kwa kuvuta, na redio aliiweka mbali kidogo, pale mkono wa mzee usipofika.

Machi walikwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu Saint Paul kutazama sensa za Ontario. Aliyewapeleka ni Ken, mwana wa pekee wa Bibi Margaret, mwanamume wa miaka hamsini na kitu kutoka Coon Rapids, anayeuza majokofu na kumwogopa mama yake. Peris alizungusha mkono wa ile mashine ya kusomea filamu, kurasa zikapita kwenye kioo kama mito yenye tope, mpaka akasema, "Huyu hapa. Enock Thornley, miaka kumi na sita, sensa ya 1891."

"Anaishi na baba yake," Bibi Margaret akasema. Hakuuliza.

"Anaishi kwa mkulima mwingine. Hapa pameandikwa mtumishi."

Ken akakohoa.

"Huyo ni Enock mwingine," Bibi Margaret akasema. "Zungusha."

Akazungusha mpaka saa ya kufunga. Enock mwingine hakutokea.

Barua ya Uingereza ilifika Juni, siku ya Jumatano, wiki ya mwisho ya saa za Peris. Peris ndiye aliyeitoa kwenye sanduku la barua, na macho ya kuisoma ndani ya nyumba ile yalikuwa ya Peris peke yake. Akakaa mbele ya kiti cha magurudumu akaisoma kwa sauti, bila kuruka wala kulainisha.

Enock Thornley alipokelewa katika makao ya watoto fukara mjini Gloucester akiwa na miaka minne. Mama yake alikuwa mpishi wa watu, amekufa kwa kifua. Baba, hajulikani. Mwaka wa 1884, akiwa na miaka tisa, alipakiwa melini na watoto wengine mia moja na sita kupelekwa Kanada, wagawiwe wakulima wawatumikie. Alipewa sanduku moja. Ndani mlikuwa na viatu jozi moja, mashati mawili na Biblia.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Unasoma vibaya. Mpigie Ken."

Ken akaja, akaisoma amesimama bado na funguo za gari mkononi. Akapapasa upara wake. "Mama, ndivyo ilivyoandikwa." Bibi Margaret hakulia. Alimwambia Peris atoke chumbani, halafu akabaki na mwanawe mlango umefungwa, na sauti iliyosikika ilikuwa yake tu.

Kesho yake, Alhamisi, saa za Peris zilitimia mia sita. Kahawa ikanywewa. Bibi Margaret akaagiza asukumwe hadi mezani, penye ule mti, akaomba kalamu iletwe na karatasi ya manjano iwekwe kando yake.

Juu ya jina la Enock palikuwa na kisanduku kimoja kitupu.

"Andika," alisema. "Edmund Thornley, mwenye mashamba, Gloucester."

"Madam, barua..."

"Barua naijua. Bado kidogo tu watu wanafika. Ukishaandika natia sahihi."

"Ulisema ikija bila jina utatia sahihi. Hukusema niandike uongo kwanza."

"Nilisema. Nani alinisikia?"

Peris akashika kalamu, akakaa. Mama mzee akainama karibu, mpaka Peris akasikia harufu ya poda yake.

"Jana Ken alinisomea fomu yako ya kazi. Wewe ni Peris Wanjohi, jina la baba yako. Mume: marehemu. Mtu wa kuarifiwa ukipatwa na jambo: mwanangu, Wanjohi. Huyo ndiye wa kwanza?"

Peris akafungua kifuniko cha wino.

"Basi upande wa baba hakuna mtu," Bibi Margaret akasema, polepole, akiyaonja maneno. "Na mume wako aliyekufa alikufa kwa ugonjwa gani? Usitetemeke, kutetemeka ni kazi yangu. Mimi na wewe tunajuana. Wewe umeandika wako, sasa andika wangu."

Mtu asije akamsifu Peris kwa lililofuata. Hakulifanya kwa kupenda ukweli. Ukweli wenyewe alikuwa ameuficha miaka miwili kanisani, na angeuficha tena Jumapili. Ilikuwa hasira. Miaka tisa, kabla hajaja huku, watu wa Othaya walimwandikia maneno yaleyale usoni kila alipopita sokoni na mtoto mgongoni, na hapakuwa na karatasi ya kuyafuta. Sasa huyu, kwa sababu ana meza na fremu, anataka mtu wa kumfutia.

Akachovya kalamu. Akaandika kwa mwandiko wake ulio bora kabisa, kila herufi imekaa kwenye mstari: Baba, hajulikani.

Bibi Margaret alichukua kioo chake cha kukuzia, akakishika kwa mikono miwili. Alikipitisha juu ya kila herufi, moja moja. Fremu ilikuwa imeshanunuliwa. Wino ulikuwa umeshanywewa na karatasi.

Hakupiga kelele. Aliisukuma ile karatasi ya manjano kwa kiwiko mpaka ikaanguka sakafuni, kwenye miguu ya Peris.

"Ondoka nayo," alisema. "Tupu hivyohivyo."

Jioni hiyo Jotham alikuja kumchukua. Jotham ni binamu yake, anafanya kazi kiwandani Fridley, na Peris alikuwa anakaa kwake. Alisikiliza habari yote gari likiwa limesimama kando ya barabara, halafu akashika kichwa.

"Maneno mawili, Peris! Miezi minane umeitupa kwa maneno mawili! Si ungemwandikia tu? Ungemwandikia hata Mfalme Suleimani! Kwani huo mti ni wa nyanya yako?"

"Si wa nyanya yangu."

"Sasa?"

"Sasa nini? Washa gari."

"Na hiyo Septemba?"

"Ya mwaka ujao. Nipeleke ofisini wanipe mgonjwa mwingine."

Jotham akawasha gari, akazima, akamgeukia tena. Alikuwa bado hajamaliza. "Na yeye? Hiyo siku ya wageni atawaambia nini?"

"Atawaambia Mwafrika aliyemsaidia hakujua kusoma, akaharibu karatasi."

"Na watamwamini?"

"Wote sitini," Peris akasema.

Jumatatu alianza kwa mzee mmoja wa Fridley, kiziwi, asiyekuwa na neno la kumwambia mtu. Mwisho wa siku akatoa karatasi mpya ya manjano, akajaza mstari wa kwanza: saa nane kati ya mia sita.