Kinasa Sauti Changu na Uzee wa Mama Neema

Nichekeni taratibu, maana wanakwaya wenzangu wa mtaani kwetu Kikuyu wameshanicheka vya kutosha.

Niliwatengenezea kinasa sauti kwa chipu ndogo. Chipu hupima sauti mara nyingi kila sekunde, na vipimo lazima vipishane kwa muda uleule. Ndiyo maana ndani yake kuna saa: muda ukifika, inakatiza kazi nyingine zote ili kipimo kichukuliwe. Mimi fundi nikaona hiyo saa ni usumbufu. Nikaizima, nikaiacha programu ipime ikipata nafasi, huku ikichora mawimbi ya kupendeza kwenye kioo.

Tukamrekodi Mama Neema, anayetuongoza kuimba miaka yote. Rekodi ikatoka inayumba kama bodaboda kwenye matope ya Bahi.

"Mama, usinichukie," nikasema kwa upole wa daktari. "Nadhani ni umri. Jumapili tukupumzishe."

"Haya, mwanangu," akajibu, akakaa.

Wengine wakaguna. Ili kumaliza ubishi, nikamwomba mwalimu wa kwaya apige kinanda, wasikie chombo changu kilivyo safi. Akabonyeza noti moja, akaishikilia. Mawimbi yakapita kwenye kioo, mazuri kweli. Nikaicheza rekodi kwenye spika kubwa.

Noti ikatetemeka mwanzo hadi mwisho.

Mama Neema akainuka polepole, akakipapasa kinanda kama anayemjulia hali mgonjwa.

"Pole, mwenzangu," akakiambia. "Kumbe na wewe ni umri?"