Mkono Wangu Kwenye Bega Lake

Kijana wangu hana intaneti huko ndani. Mfungwa akitaka tangazo la kutafuta rafiki wa kuandikiana, mtu wa nje ndiye anamwekea mtandaoni. Mtu wake wa nje ni mimi.

"Mum, kuandikiwa barua ni haki yangu," aliniambia kwa simu. "Hiyo hawajaninyang'anya. Lakini nani ananiandikia? Ni wewe tu."

Na ni ukweli. Baba yake aliamua kwa fellowship, kikundi chetu cha maombi, waambiwe kijana amehamia Texas kikazi, na kila Jumapili naulizwa kama huko kuna joto.

Nilikaa kitandani kwetu Hopkins na yunifomu ya kazi bado mwilini, nikaanza kujaza fomu ya tangazo kwa simu. Wanauliza anatafuta mtu wa aina gani. Nikaandika: mcha Mungu, mwenye heshima, asiyekunywa. Alipopiga tena nikamsomea.

"Mum! Unanitafutia pastor?"

"Kwani wewe unataka nani?"

"Mtu tu. Weka napenda basketball na chapati."

Tulicheka mpaka mashine ya simu ya gereza ikatuambia muda umeisha.

Shida ikawa picha. Za huko ndani zote amenuna. Ile anacheka ni moja tu, ya siku niliyomaliza masomo yangu ya jioni: yeye na suti, mimi kando nimemshika bega. Nikajikata kwenye picha. Uso wangu ukatoka, mkono ukabaki, na bangili yangu ya shanga nyekundu na nyeupe. Kukata zaidi ningekata sikio lake. Nikaacha hivyo, nikaweka tangazo, nikamwomba Mungu amletee hata mmoja.

Siku si nyingi, tuko fellowship nyumbani kwa mtu huko Blaine, dada mmoja tunayepika naye akanivuta kando ya friji na simu yake. Msichana wake alikuwa ameona lile tangazo mtandaoni, akamtumia. Yule dada aliangalia picha, akaangalia mkono wangu ulioshika sahani.

"Dada, hii bangili si yako?"

Bangili kama hiyo ziko nyingi. Ningeweza kukataa. Lakini nikikataa bangili, nimemkataa mtoto.

"Ni yangu. Na huyo ni wangu."

"Kumbe hiyo ndiyo Texas." Akanishika mkono. "Pole, dada. Mimi sitasema. Lakini toa hilo tangazo leo, kabla wengine hawajaliona. Fikiria mzee wako."

Mzee wangu alikuwa sebuleni akiongoza wimbo, macho amefunga. Nikilitoa, kijana anabaki na mimi tu. Nikiliacha, huyu mzee hataingia tena nyumba hii ya maombi kwa aibu.

Kurudi nyumbani, mzee ndiye ali-drive. Alikuwa na furaha.

"Leo maombi yalikuwa matamu, eh?"

Simu ilikuwa mapajani. Kufuta ni kubonyeza tu. Nikaizima bila kufuta, nikaiweka kwa mkoba.

"Mzee, kuna kitu nataka kukuonyesha."

"Nionyeshe."

"Tukifika. Endesha kwanza."