Bakuli Nililoliita Baya

Mpaka leo sijui kama yule bibi alinipenda au alinivumilia tu. Alikuwa mfinyanzi kutoka Ufini, mjane, akiishi Kilburn, huko ughaibuni, katika nyumba yenye kibanda uani, nami nilikuwa nikija kumwogesha na kumpikia. Kwetu Mombasa mtu hukuuliza habari za nyumbani, na za paka pia. Yeye aliweza kunywa kahawa asubuhi nzima bila neno, nikabaki kujiuliza nimemkosea nini.

Macho yake yalikuwa yanafifia. Vidole vilijua umbo, ila rangi hakuiona tena, kwa hiyo kila chombo kilipotoka kwenye tanuri la umeme kule kibandani aliniuliza, "Kikoje?" Chombo kibaya hakikulala kwake, alikivunja siku ileile kwa nyundo. Mimi na adabu zangu nilijibu, "Kizuri, mama." Vyote vizuri. Rafu ikajaa.

Halafu mpwa wake akaamua tanuri liondolewe, asije akajiunguza. Bibi hakubishana. Alikanda udongo, akafinyanga bakuli moja la mwisho.

Lilipotoka nilipigwa na butwaa. Buluu yake ilianza nzito kitakoni, ikapanda ikipauka mpaka ukingoni. Sasa, kwetu kitu cha namna hiyo hakisifiwi hivi hivi. Hata mtoto mchanga mzuri huambiwa ana sura mbaya, jicho lisimpate. Maneno yakanitoka yenyewe.

"Lo, baya hilo! Baya kupindukia!"

Aliitikia kwa kichwa, akapapasa mezani, akashika nyundo.

Nililikumbatia lile bakuli likiwa bado na joto, nikaanza kueleza kijicho, watoto wachanga, nyanya yangu, yote kwa mkupuo na Kiingereza kikinipiga chenga. Mdomo wa bibi ulitetemeka. Labda alicheka, wallahi sijui.

"Kwa hiyo ni zuri," alisema.

"Sikusema hivyo, mama!" nilijibu haraka.

Akanyoosha mkono, akaupitisha ukingoni mwa bakuli polepole, mzunguko mzima. Kisha akaigeukia rafu ambayo hakuiona.

"Na vile ulivyoniambia ni vizuri?"

Nilivitazama vyote, rangi ya chai iliyopoa, kimoja baada ya kingine. Nilitafuta uongo wa adabu, nisiupate.

Akanipa nyundo.