Shangazi Aliyefia Kwenye Televisheni

Enzi zetu gitaa ulilisikia kwanza. Lilitokea upande wa barabara ya Malampaka, kwenye lori ambalo bado lilikuwa limefichwa na vumbi, likilia kama ndama aliyeachwa zizini, kisha ghafla likicheka. Tuliacha kuchuma pamba, tukasimama katikati ya shamba la shule na vikapu mikononi. Mwalimu alipiga filimbi, hakuna aliyemsikia. Ndipo lori likajitokeza, na juu ya magunia matupu alikuwa amekaa shangazi yetu Kabula, dada mdogo wa baba, gitaa mapajani, amevaa suruali ya bugaluu pana kama sketi mbili na viatu vya raizoni vizito kama matofali.

Bariadi ya siku hizo ungeweza kuizunguka yote kabla jasho halijakauka. Asubuhi tulikimbia mchakamchaka tukiimba Ujamaa hadi koo zikwaruze, mifukoni tukiwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambavyo ulivitafuna tangu mstarini hadi kengele ya mapumziko na bado vikabaki. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa matambara. Sukari ikija duka la kijiji, kila nyumba iliweka jiwe lake kwenye foleni na kwenda kulala, na hakuna aliyesogeza jiwe la mwenzake. Waambie vijana wa leo kwamba jiwe lilikuwa linapanga foleni, watakuuliza kama lilikuwa na namba ya simu.

Kuimba, Kabula alikurithi kwa Babu Masanja. Babu alikuwa manju, mtunzi na mwimbaji kiongozi wa ngoma, na baada ya mavuno watu walitembea kutoka Mwanhuzi kuja kumsikia akiwasifu ng'ombe na kuwasuta wavivu. Binti yake alichukua sauti ileile akaipeleka Dar es Salaam, akaitia kwenye bendi ya magitaa ya umeme. Tulimsikia kwenye redio ya Babu, ambayo betri zake tulizianika juani ili zipate nguvu ya wimbo mmoja zaidi. Wimbo ukiisha Babu alisema, "Sauti ni yangu hiyo. Kelele ndizo zake."

Kisha ikaja barua. Bendi imevuka kwenda Unguja, na huko Kabula anaigiza pia kwenye televisheni. Nyumba nzima ilimgeukia baba, kwa kuwa yeye alikuwa karani wa ushirika na alitegemewa kujua mambo. Baba hakuwahi kuiona televisheni, lakini hakutaka kuaibika.

"Mnakumbuka ile sinema iliyokuja na gari?" alisema. "Sinema ni mambo ya zamani, yamekwisha kupita. Televisheni ni ya sasa hivi. Unachokiona, ndicho kinachotendeka saa hiyohiyo."

Tukaridhika. Habari ikaenda mjini hivyohivyo, ikamfikia na Mzee Abdala, mwenye duka la kanga na mafuta ya taa karibu na stendi.

Mwaka huohuo Mzee Abdala alikwenda Unguja kumwona dada yake, na jioni moja wenyeji wake wakampeleka kwenye ukumbi wenye televisheni. Akamwona kiongozi akihutubia. Akaona mvua ikinyesha, naye alipochungulia dirishani, kweli, mvua ilikuwa inanyesha. Halafu akamwona Kabula wetu amelala kitandani, anahema, anamwita mama yake, kisha akafumba macho. Ukumbi mzima ulikuwa unalia. Mzee Abdala naye akatoka nje analia, hakungoja mwisho.

Alivuka bahari, akapanda treni hadi Malampaka, akafika kwetu saa nne asubuhi, kofia mkononi.

"Mzee Masanja, leo nimeleta habari mbaya. Kabula hatunaye."

"Nani kakwambia?"

"Sikuambiwa. Nimemwona akikata roho, kwa macho yangu haya mawili."

Sijawahi kusikia nyumba ikilia vile. Babu alichinja dume lake jekundu, wanaume wakakaa nje kwenye moto, kazi za shamba zikasimama. Baba alikwenda posta kupeleka simu ya maandishi kwa bendi: Kabula amezikwa wapi. Siku ya nne tukanyolewa nywele wote, kama ilivyokuwa desturi ya msiba, kuanzia Babu hadi mdogo wangu Doto aliyelilia nywele zake kuliko alivyomlilia marehemu.

Siku ya sita marehemu akaingia uani na sanduku kichwani.

Doto aliangusha ndoo. Mama akasimama kibarazani, mwiko mkononi, akamtazama juu hadi chini. "Wifi," alisema, "ni mzimu gani huyu, mbona umenenepa hivi?"

Kabula alitazama vichwa vyetu vinavyong'aa. Akapiga magoti mbele ya Babu. "Baba, nimepata simu siielewi. Nani amekufa?"

Mzee Abdala, ambaye hakukosa kukaa nasi msibani hata siku moja, ndiye aliyejibu.

"Wewe."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Babu peke yake hakucheka. Alimshika binti yake mabega, akamnusa kichwa kama anavyonuswa mtoto mchanga, kisha akasema, "Hurudi tena huko. Nimeshakulilia mara moja, ya pili siiwezi."

"Baba, ule ulikuwa mchezo tu. Tena kufa ni kazi ngumu, nilirudia mara tatu."

"Mara tatu!" Babu alimgeukia Mzee Abdala. "Na wewe uliona moja tu!"

Kwa siku tatu Babu alikataa. Sanduku la Kabula alilitia chumbani kwake akalilalia kama mto. Bendi ilikuwa inamngoja, mchezo mwingine ulikuwa unamngoja, na asipofika kwa wakati nafasi yake ingechukuliwa na mwingine. Kabula hakugombana naye. Mchana wa siku ya tatu alitandika mkeka sebuleni, akatuketisha wote ukutani.

"Mzee Abdala hakungoja mwisho," alisema. "Nyinyi ngojeni."

Akalala, akajifunika shuka, akaanza kufa. Alihema, akamwita mama yake, akaikamata shuka kwa vidole vyote, akanyamaza. Mama alikuwa tayari anafuta machozi, hali asubuhi hiyohiyo wametwanga mtama pamoja. Kabula akafumbua macho, akainuka, akainama kama wanavyofanya wasanii.

Babu alitikisa kichwa.

"Hapana, ng'wanawane," alisema, na hilo kwetu ni mwanangu. "Anayekufa hakamati shuka. Mama yako aliuacha mkono wazi. Hivi." Akalaza kiganja chake magotini, vidole vimelegea. "Na hakuita kwa nguvu. Alikuita wewe, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha watoto."

Kabula alikuwa mdogo mno mama yake alipofariki, na Babu hakuwahi kumsimulia. Alilala tena. Safari hii mkono ulibaki wazi, na hakuna aliyepumua sebuleni, hata Doto. Manju mzee alimtazama hadi mwisho, kisha akaenda chumbani kulitoa sanduku.

"Nenda. Lakini ukifa tena, tuma simu kwanza."

Leo vitukuu wa Babu wanatazama watu kumi wakifa kwenye simu kabla chai haijapoa, na kwa kidole gumba wanawapisha wengine waje kufa. Hawanyoi hata ndevu. Wanajua kila kinachoigizwa, na nawasifu kwa ujanja huo, ila nawaonea huruma kidogo. Sisi kwa mtu mmoja tuliyemwona kwa macho ya jirani tulisimamisha shamba, tukala nyama ya dume jekundu kwa uchungu, tukaenda shule na vipara. Na alipofufuka, furaha ile haikuhitaji kioo cha simu.

Siku ya safari lori lilipiga honi barabarani. Kabula aliaga mmoja mmoja, akatoka. Tulipotaka kumkimbilia, Babu alinyoosha fimbo kutuzuia, "Nyinyi mkimkimbilia, na mimi nitamfuata kumrudisha," akangoja mpaka raizoni zilipovuka uwanja. Kisha akaufunga mlango mwenyewe, polepole, akaliegemeza paji la uso kwenye mbao zake.