Pole Niliyoisema Nikiwa Mtaroni

Nilipogongwa, au nilipogonga, inategemea unamuuliza nani, neno la kwanza kunitoka lilikuwa pole. Nimelifikiria neno hilo kuliko nilivyoufikiria mkono wangu, na mkono ulivunjika kweli.

Naishi karibu na Sosiot na nafanya kazi Kabianga, katika chumba kidogo ambapo tunawachapia wanafunzi kazi zao. Kuchapa sikufundishwa na mtu. Nilijifunza peke yangu kwenye kompyuta kuukuu ambayo nusu ya herufi zake zilikuwa zimefutika, na labda ndiyo sababu siwezi kuvumilia kosa. Mwanafunzi akiniletea kazi yenye nafasi mbili kati ya maneno, nazifuta hata kama hajaniomba, halafu najiuliza siku nzima kama nimemkosea.

Baiskeli niliiendesha hivyo hivyo. Kabla sijathubutu kuitoa barabarani, nilisoma kwenye simu sheria zote nilizoweza kupata. Nilinunua kofia ngumu ambayo majirani waliiita sufuria. Nilifunga taa nyekundu nyuma, nikavaa koti la kung'aa, nikakaa kushoto kabisa mpaka nyasi za kando zilikuwa zikinipiga miguu. Niliamini kwamba asiyekosea hagongwi. Naona aibu kuandika sentensi hiyo, lakini ndivyo nilivyoamini.

Asubuhi ile lami ilikuwa bado na unyevu. Pikapu ilinipita, na mara tu iliponipita ikakata kushoto, kuingia njia ya murram, isiyo na lami, inayokwenda kwenye kituo cha kupima majani chai. Haikuwasha indiketa. Yule dereva alikuwa ameniona, maana alinizunguka vizuri kabisa. Ila baada ya kunipita ni kama aliamua kwamba sipo tena duniani. Nilishika breki zote mbili. Baiskeli iliteleza ikaingia kwenye mlango wa kushoto wa gari, nami nikaishia mtaroni.

Dereva alishuka. Alikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti zuri, na mdomo wake ulikuwa ukitoka damu kwa sababu alipofunga breki alijigonga kwenye usukani. Mimi nilikuwa nimelala kwenye matope, kiganja kimegeukia upande ambao kiganja hakigeukii. Nikautazama mdomo wake nikasema, "Pole, mzee."

Yeye akautazama mlango wake.

Sijui ningesema nini kingine. Kwetu mtu akijikwaa unamwambia pole. Kwa Kipsigis tunasema mutyo, na hatuulizi kwanza ni nani aliyeliweka jiwe pale njiani.

Watu waliokuwa wakisubiri kupimiwa majani walifika na vikapu vyao mgongoni. Mama mmoja alinishika kichwa, akanifungia mkono kwa leso yake, na huku akinifunga alikuwa akinigombeza.

"Msichana mzima na baiskeli. Sasa umemgonga mzee wa watu."

"Yeye ndiye amenigonga, mama."

"Amekugonga na mlango? Mlango ulikuwa umefungwa."

Mwendesha boda aliyekuwa amesimama juu yetu alicheka. "Dada, barabara ni ya gari. Gari iko na bima. Wewe uko na nini?"

"Niko na haki."

"Haki haina spea," akasema, na hata yule mama akacheka.

Nilitaka kuwaeleza kwamba anayekata kona ndiye anayepaswa kuhakikisha njia ni wazi. Nilijua kifungu chenyewe. Lakini mtu aliye mtaroni hasikilizwi vifungu. Kila mtu aliiona alama kwenye mlango, na kila mtu aliona ni nani aliyeingia kwenye mwenzake kwa mbele. Kwao hesabu ilikuwa imeisha.

Siku chache baadaye nilikwenda kituo cha polisi kuandikisha maelezo, mkono ukiwa ndani ya plasta. Baiskeli yangu ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kituo, gurudumu la mbele limejikunja. Afisa aliyetupokea alikuwa mtu mpole, amechoka. Alinieleza wazi: kama maelezo yangu yataonyesha kwamba nilikubali kosa, nitashtakiwa kwa kuendesha bila uangalifu, na baiskeli itabaki pale kama ushahidi mpaka korti iamue. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kufika kazini. Lakini nikisema ukweli wote, si baiskeli iliyoniuma. Sikuwa tayari kuandikwa kuwa nilikosa wakati sikukosa.

Dereva alikuwa ameketi nami kwenye benchi moja, amekunja mikono. Afisa alikuwa akiuliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza.

"Ulipoanguka ulimwambia nini mzee?"

"Nilimwambia pole."

Akaandika. Mimi husoma karatasi zilizogeuzwa juu chini siku nzima, wanafunzi wakiwa wamesimama upande wa pili wa meza. Nikaona ameandika kwamba nilimwambia dereva "I am sorry for what happened."

"Afande, hapo si sawa. Sikusema hivyo."

"Si umesema ulisema pole?"

"Ndiyo."

"Na pole kwa Kiingereza ni sori."

"Kwa Kiingereza sori ni mbili. Iko ya kuomba msamaha na iko ya kumhurumia mtu. Mimi nilimhurumia. Alikuwa anatoka damu."

"Wewe ndio ulikuwa umevunjika, unamhurumia yeye?"

"Ndiyo, afande."

Akaweka kalamu chini. "Sasa niandike nini? Rambirambi?"

Nilihisi machozi ya hasira. Si kwamba alikuwa mbaya. Alikuwa tu anataka kwenda chai. Nikasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima, "Kama pole ni kosa, basi yeye ndiye msafi kuliko sisi sote, maana mpaka leo hajaniambia hata pole moja."

Afisa akamgeukia dereva. Mzee akajikohoza. Aliiangalia plasta yangu, nadhani kwa mara ya kwanza, na nikaona aibu ikimpanda usoni.

"Ni kweli," akasema. "Bole, msichana wangu. Bole sana." Neno pole alilitamka kama wazee wa kwetu wanavyolitamka, na alimaanisha.

Afisa alichukua kalamu, akavuta karatasi ya maelezo ya dereva, akaanza kuandika.

"Unaandika nini?" mzee akauliza.

"Umesema sori. Naandika."

Mzee alisimama kabisa. "Hapana, afande. Usiandike hiyo. Hiyo si kukubali makosa. Hiyo ni pole tu, mtu ameumia."

"Pole tu," afisa akarudia.

"Pole tu."

Afisa alinitazama, akamtazama yeye, akashusha pumzi ndefu. Akavuta karatasi yangu akapiga mstari juu ya sentensi ile. Halafu akatuambia kwamba kwa maelezo yaliyopo haoni wa kumshtaki, kwamba barabara ni ya kila mtu, na kwamba sisi ni majirani, twende tukaongee nyumbani. Mzee alishukuru. Mimi nilitaka aandike ni nani aliyekata kona bila kuangalia. Nilimwambia hivyo, mara mbili.

"Madam," akasema, "umeshinda neno. Unataka na barabara?"

Ndiyo, nilitaka na barabara. Bado naitaka. Lakini alikuwa ameshanisogezea karatasi niweke sahihi, na kosa likabaki pale kati yetu bila mwenyewe. Nilishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Mstari alioupiga ulikuwa umepinda, umekula nusu ya herufi za mstari wa chini, na naungama kwamba, pamoja na yote, nilikuwa karibu kumwomba aandike ukurasa mzima upya.