Usiitike

Mie sikuogopa baridi. Niliseme hilo mapema, maana wajukuu zangu wanapenda kunisingizia. Nilipochaguliwa kwenda kusomea uuguzi Ulaya, miaka ile ya Ujamaa, mtaa wetu mzima wa Temeke uligeuka walimu wa nchi ambayo hakuna aliyeiona. Balozi wetu wa nyumba kumi, hajavuka hata Kibamba, aliniapia kwamba huko mate huganda kabla hayajafika chini. Jirani muuza vitumbua akasema maiti zao haziozi kwa sababu ya barafu, kwa hiyo hazitulii. Hapo mama akaacha kuchambua mchele.

Mama alikuwa mtu wa kusini, na lipo jambo moja alilokuwa halifanyii mzaha: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Ukinyamaza, yameisha. Ukiitika, umejitoa mwenyewe.

"Kama hawaozi, basi wanaita," aliniambia. "Tena watakuita kwa sauti unayoipenda. Niapie hutaitika."

"Mama jamani! Jina langu watalijulia wapi?"

"Niapie!"

Nikaapa. Ila mie nilizoea, mama akiniita hata yuko msalani, "Abee!" imeshanitoka. Basi wiki mbili zile alinifanyisha mazoezi kama mgambo. Anajibanza nyuma ya ua wa makuti, anaita jina langu la utotoni, lililobaki mdomoni mwake peke yake. Nikiitika, akitoka ni kofi la mgongo. Siku ya safari aliita mara tatu, nikakaa kimya. Alifurahi yule, akanikumbatia huku analia.

Huko nilikokwenda mate hayakuganda wala nini. Watu walipanga foleni ya mkate kama sie tulivyopanga ya sabuni. Nikazicheka hofu zangu zote, isipokuwa ile moja.

Mwaka wa pili, asubuhi kweupe, nikienda zamu hospitalini, nilisikia nyuma yangu jina lile la utotoni. Sauti ya mama, na mkwaruzo wake ule ule. Nikageuka: theluji tupu na nyayo zangu. Ikaita tena. Walahi, ulimi ulishainuka. Nikauma meno, nikaenda zangu, njia nzima najisifu kwamba wafu wao nimewaweza.

Barua ya kaka ilichukua mwezi na ushei kunifikia. Mama amefariki, aliandika, na siku aliyoitaja ilikuwa ile ile, asubuhi. Homa ilimchanganya, akawa ananiita mimi tu. Anaita, ananyamaza kusikiliza, kisha anawauliza waliomzunguka, "Mbona haitiki?"

Aliuliza mara ngapi, kaka hakuandika, nami sikuthubutu kumwuliza mpaka naye akamfuata mama. Inaniuma, haijawahi kuacha kuniuma.

Sasa naitikia kila kitu: mlango ukilia, kuku, upepo kwenye mabati. Wajukuu wanacheka, wanasema bibi kazeeka vibaya. Wacheke tu.

Abee, mama. Abee.